Kazi Aliyopewa Maiti

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Leo tumegawiwa mada na Mwalimu Mwatumu. Ni lile somo la modersmål, lugha ya nyumbani, ambapo watoto wa Waswahili kutoka pembe zote za Stockholm tunatiwa chumba kimoja kama soksi zilizopoteza wenzao. Kazi: mahali pa ibada na soko lililopazunguka. Unaandika kwa Kiswahili, halafu unaandika tena kwa Kiswidi kwa mwalimu wa historia. Jasho moja, alama mbili.

Makka ikachukuliwa. Yerusalemu ikachukuliwa. Roma aliinyakua Malik kabla sijainua mkono — mkono wangu una aibu kuliko mimi. Nikabaki na Hekalu la Mungu wa Mji, Shanghai.

"Mungu wa mji!" Malik akacheka. Eti ni kama chifu wa lokesheni, ila hachukui likizo. Mwalimu akamwambia anyamaze, yeye na Roma yake asiyojua iko wapi kwenye ramani.

Nimesoma kidogo. Kumbe huyo si mungu kama wetu. Ni kama ofisa. Mara nyingi ni mtu aliyeishi kweli, akafa, akateuliwa. Wanamteua! Zamani ofisa mpya akihamia mjini, kwanza anakwenda hekaluni kula kiapo. Aliye hai anaripoti kwa aliyekufa.

Halafu picha. Mlango wa hekalu huuoni kwa maduka. Maandazi yenye mchuzi ndani, maharage ya viungo vitano, pipi za peasi, dhahabu, vijiti vya kulia, saa. Moshi wa ubani na moshi wa mafuta ya kukaangia unapanda pamoja. Kinyaa kikanishika pale pale.

Huo mchanganyiko naujua. Ndiyo Jumapili yetu.

Jumapili, 19 Oktoba

Upplands Väsby. Ukumbi wetu wa kanisa uko nyuma ya gereji ya matairi, kwa hiyo Roho Mtakatifu hushuka na harufu ya mpira. Ibada saa nne. Kisha korido.

Korido! Pondu, yaani kisamvu, iliyogandishwa kwenye mifuko. Samaki wakavu wanaokuangalia. Nywele za bandia zikining'inia juu ya meza ya Biblia. Na vile vichupa vya mafuta ya upako vyenye picha ya Mchungaji Sébastien, amekunja ngumi kama bondia. Watu wanalipa kwa simu huku bado wanafuta machozi ya maombi. Ptuu.

Lakini leo niliona kibaya zaidi. Vitenge vimefika.

Tarehe nane Novemba tunaondoa matanga ya Baba. Wale wa Kifaransa wanasema levée de deuil. Mwaka umetimia, watu wanavaa sare, wanakula, wanacheza, mjane anaruhusiwa kuvaa rangi tena. Sawa. Desturi. Mama ameingoja siku hiyo kama mtu anayengoja dirisha lifunguliwe.

Ila kitenge kina uso wa Baba. Uso mzima, mkubwa kama sahani, unajirudia, unajirudia. Chini: MZEE WA KANISA CALLIXTE.

Kwanza — Baba hakuwa mzee wa kanisa. Alikuwa dereva wa basi. Pili — ile picha naijua! Niliipiga mimi, kwenye kituo cha mwisho, akiwa na sare yake ya kazi. Sare imefutwa. Wamemvika suti kwa kompyuta. Suti na tai nyekundu. Shingo imekatwa vibaya, kichwa kimekaa pembeni kama kifuniko kisicho cha sufuria yake.

Mama mmoja alikuwa tayari ameshona sketi. Akakaa kwenye kiti. Akaukalia uso wa baba yangu.

Nilikwenda chooni nikatapika kidogo. Kweli, siyo mfano.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimempa Mwalimu Mwatumu kurasa za kwanza. Akasoma, akavua miwani.

"Mwanangu, mbona unaandika kama umetafuna ndimu?"

Nilikuwa nimeandika kwamba soko limelichafua hekalu. Kwamba karne kwa karne wafanyabiashara waliingia mpaka uani. Hata ile bustani maarufu ya jirani, ambayo tajiri mmoja aliijenga ili baba yake mzee apumzike (hiyo peke yake ilinipendeza), iliishia kununuliwa na wafanyabiashara na kupewa hekalu, kisha vyama vyao vikagawana vyumba humo: wa nguo, wa sukari, wa maharage. Mwaka 1924 hekalu likaungua, likajengwa tena, na soko likarudi kabla rangi haijakauka. Miaka ya sitini sanamu zikavunjwa, na humo ndani mwa hekalu likawekwa duka la vito. Watawa walirudishiwa hekalu mwaka 1994. Niliandika "uchafu" mara nyingi sana.

Mwalimu akaniuliza, msikiti gani wa Tanga hauna muuza kashata mlangoni? Watu wakitoka kuomba wana njaa. Muuza kashata naye anaomba. "Soko siyo dhambi, Victoire. Wewe kuna kitu kingine kinakuchefua. Kitafute. Ukishakipata ndiyo uandike."

Nikasema ndiyo Mwalimu. Nikaona haya mpaka masikio. Kwa sababu ni kweli — pondu ya korido naila. Naipenda. Baba ndiye aliyekuwa akinibebea mfuko.

Malik akaomba kuonja ndimu yangu. Mjinga.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimekipata!!

Anaitwa Qin Yubo. Ndiye mungu wa mji wa Shanghai, amekaa ukumbi wa nyuma. Kuna watatu. Mbele yupo jenerali wa kale sana. Wa tatu ni jenerali mwingine, aliyekufa akipigana na Waingereza mdomoni mwa mto mwaka 1842. Alikuwa na nyumba yake ya ibada, vita vya 1937 vikaibomoa, wakamhamishia hapa. Mungu mkimbizi! Huyo nampenda, tungeweza kumpa chumba.

Lakini Qin. Alikuwa ofisa wa utawala wa zamani. Utawala ukaanguka, akaja mfalme mpya, wa kwanza wa Ming. Mfalme akamwita aje amtumikie. Qin akakataa. Nimekula mkate wa wale wengine, siwezi kuwasahau kirahisi hivyo. Akaitwa tena. Akasema namwombolezea mama yangu. Akaitwa tena, safari hii mfalme mwenyewe kaandika kwa mkono wake, na barua ina meno: watu wa pwani hiyo ni wagomvi, na mtu mwenye akili akikaa kwao akikataa-kataa, atakuja kujuta. Watu walimsikiliza Qin. Ndiyo maana mfalme alimtaka. Mwishowe akaenda.

Akafa. Na mfalme, wanasimulia, akasema: akiwa hai hakutaka kuwa mtumishi wangu, basi akiwa maiti ailinde ardhi yangu. Akamfanya mungu wa mji.

Na maiti haiwezi kusema hapana.

Miaka zaidi ya mia sita yuko kazini. Watu wanamchomea ubani, wanamletea matunda, zamani walikuwa wakimtoa nje kwa maandamano akague mitaa. Wanampenda! Na hakuna anayemuuliza.

Nimeandika mpaka vidole vimeuma. Halafu nikaacha. Halafu nikalia, lakini kwa hasira.

Jumatano, 29 Oktoba

Likizo ya vuli. Nimekaa tu nyumbani Hagsätra, mvua, na tanuri la Mama linawaka tangu asubuhi kwa sababu Mchungaji anakuja.

Akaja. Koti refu. Harufu ya manukato ilifika kwanza, yeye akafuata. Akala mikate kama mtu aliyefunga. Mama anamwita "Pasta", anakaa ukingoni mwa kiti ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Habari: ukumbi utapewa jina la Baba. Familia zilizokuwa zimeondoka kanisani zinarudi, kwa heshima ya Mzee Callixte. Mama akashika kifua. "Aksanti Yesu."

Mimi najua kwa nini ziliondoka. Hata Mama anajua, ila halitamki. Mama Arielle aliambiwa na Mchungaji aache vidonge vya presha, mafuta ya upako yatosha. Akaanguka jikoni kwake. Baba ndiye aliyempeleka hospitali. Alipona, lakini mdomo wake mpaka leo umelala upande mmoja. Baba hakupiga kelele. Alihama tu kutoka mstari wa mbele akaenda kukaa wa mwisho, karibu na makoti. Watu walikiona kile kiti cha nyuma. Wengine wakaacha kuja kabisa. Baba akabaki kwa ajili ya Mama. Ndipo Mchungaji akaanza kumwita awe mzee wa kanisa. Kila akiitwa, Baba anajibu: "Mimi naendesha basi, Mchungaji. Watu wanapanda, wanashuka. Siwaombi waniamini, nawaomba washike bomba."

Kisha Mchungaji akanigeukia mimi. "Victoire binti wa Mzee! Weye umesoma luga mbili." Nitasoma historia ya Baba siku hiyo. Kiswahili kwa wazazi, Kiswidi kwa watoto. Imeshaandikwa, nisihangaike. Akanipa.

Mstari wa mwisho: *Na kitandani pa hospitali, mbele ya mtumishi wa Mungu, Mzee Callixte aliupokea wito kwa mikono miwili.*

Naandika hapa kwa sababu sijawahi kuandika popote. Nilikuwemo chumbani.

Mama alikuwa ameenda kwenye mashine ya kahawa. Baba, mimi, Mchungaji. Mchungaji akainama: Baba Victoire, kanisa limekuchagua, sema ndiyo tu, tuombe. Na Baba — sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba kama karatasi ya kufungia vitunguu — akasema: "Mchungaji, hapana. Uniache nife dereva." Nilisikia. Kila neno. Mchungaji akampapasa mkono. Akaniangalia, akasema baba amechoka. Mama akaingia na vikombe, na yule mtu akamwambia: "Amekubali, Mama. Bwana asifiwe."

Baba alikuwa amefumba macho.

Na Mama akacheka! Tangu daktari alipoutaja ule ugonjwa wa kongosho hakuwa amecheka. Alicheka huku anamwaga kahawa. Wiki hiyo hiyo Baba akafa, na Mama akaibeba ile "amekubali" kama mtu anavyobeba maji jangwani. Mimi ningeimwaga vipi?

Sasa natakiwa niinywe mwenyewe, mbele ya watu, kwa lugha mbili.

Mchungaji alipoondoka alichukua mikate iliyobaki kwenye mfuko. Mama ndiye aliyempa. Bado anampa.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisani. Kitenge kimekwisha, wameagiza kingine. Kuna na chupa mpya za mafuta. Sijaangalia picha iliyobandikwa. Sitaki kujua.

Jumanne, 4 Novemba

Nimewasilisha. Nilisomea karibu na ubao kama naufundisha ukuta. Nilipofika kwa Qin Yubo sauti ikatoka yenyewe.

Malik: "Yaani kapewa kazi bila hata kuombwa? Na hawezi kuacha? Huyo si mungu, huyo amefungwa!" Wote wakacheka, na mimi pia, na nilikaribia kumpenda.

Mwalimu Mwatumu akauliza kama kuna mtu yeyote aliyejua kwamba Qin alikataa. Nikasema wote wanajua, Mwalimu, ndiyo hadithi yenyewe. Kukataa kwake kumehifadhiwa. Wanakusimulia pale pale.

"Basi huyo ana nafuu," akasema. Akafunga kitabu chake. "Mbaya ni yule ambaye hata hapana yake imezikwa."

Hajui kitu, Mwalimu. Alisema tu kama anavyosema mambo. Nikasahau kukaa.

Jioni nilijaribu. Mama alikuwa anashona, uso wa Baba unapita chini ya sindano, tak tak tak, jicho, tai, jicho. Nikasema: Mama, siku ile hospitalini... Akainua kichwa, anatabasamu: "Siku ile njo ilinipa nguvu, mwana yangu. Bila ile siku ningekuwa nimeisha." Kisha: "Ulitaka kusema nini?"

Nikamwambia nina njaa.

Najichefua. Leo mimi ndiye mwenye harufu.

Ijumaa, 7 Novemba

Sketi yangu iko tayari. Mama ameipanga vizuri ili nisiikalie picha. Kumbe na yeye aliona. Hakusema lolote, aligeuza tu kitambaa.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Kiswahili kinapita. Kiswidi kinakwama pale pale kila mara.

Jumamosi, 8 Novemba

Ndani ya treni. Kalamu inaruka. Mama yuko mbele yangu, magoti yetu yanagusana. Hajasema neno tangu Upplands Väsby. Niandike haraka.

Watu walijaa. Baba kila mahali — migongoni, mabegani, kwenye kilemba, kwenye mtoto mchanga. Baba anatoka jasho. Baba amemwagikiwa mchuzi. Wale walioondoka wamerudi kweli, wamekaa mstari wa mbele, wanapigiwa makofi. Mama Arielle naye, na mdomo wake. Mchungaji amevaa suti na tai nyekundu, ileile! Kumbe alimvika Baba nguo zake.

Nikaitwa. Nikasoma Kiswahili, chote. Nilikisoma! Mpaka "mikono miwili". Vigelegele, amina, Mama amesimama na mikono juu, analia ile furaha yake. Nikafikiri, basi, imekwisha, nimeshaitapika.

"Sasa kwa watoto!" anasema Mchungaji.

Nikaanza Kiswidi. Alizaliwa, alikimbia, alifika, aliendesha basi. Vijana wa nyuma wako kwenye simu. Nikafika pale. Midomo ikataka kusema *ja*, ndiyo. Nikamwona Baba kwenye kifua cha mtu, kichwa kimepinda, ananiangalia kama anayengoja abiria ashuke.

Nikasema: *Pappa sa nej.*

Baba alisema hapana. Maneno matatu. Halafu nikaongeza kwa Kiswidi kilekile kwamba nilikuwemo chumbani, kwamba alisema aachwe afe dereva, kwamba hakukubali, si siku ile wala siku nyingine. Sauti yangu haikutetemeka. Sijui ilikuwa ya nani.

Nikavuta pumzi. Na mstari wa mbele wakaitikia: "Amina!"

Mungu wangu! Wamezoea. Nikipumua wanaitikia. Amina, wakapiga makofi. Nyuma vijana wote walikuwa wameinua vichwa. Simu chini. Msichana mmoja alijiziba mdomo. Mama Arielle anamvuta mjukuu wake shati: amesema nini huyu mutoto? Ananong'ona, amesema nini?

Mchungaji Kiswidi anakijua. Tabasamu lilibaki usoni lakini yeye mwenyewe aliondoka humo. Akanipokonya maikrofoni taratibu sana, akaanzisha pambio. Ngoma. Watu wakacheza. Alipopita karibu akaniambia bila kufungua meno: "Unajua umemfanya nini mama yako?"

Ndiyo. Najua. Nilikuwa namtazama.

Kazini Mama anaosha na kulisha wazee wa Kiswidi, miaka kumi na moja sasa. Anaota kwa Kiswidi, namsikia kupitia ukutani. Kila neno alilisikia. Mikono yake ilikuwa bado juu. Haikushuka, ilisahauliwa huko. Halafu akakaa. Halafu akaenda kugawa wali, akawagawia wote, kijiko kwa kijiko, Mchungaji naye, sahani iliyojaa. Sikuelewa. Wala sasa sielewi.

Koti alilivaa kabla ya watu kuondoka. Korido ilikuwa inauza. Mtu akamwita, Mama Victoire, ngoja picha ya pamoja! Hakugeuka.

Kituo cha Rotebro. Sollentuna. Treni ina joto, lakini Mama amefunga vifungo vyote mpaka kidevuni, Baba haonekani hata kidogo. Pembeni kuna mzee wa Kiswidi na maua yake kwenye karatasi. Mama anamtazama mikono.

Nilidhani ningejisikia safi. Sijisikii. Kinyaa kimenipungua kwa Mchungaji tu, kimehamia sijui wapi. Ningeweza kumwambia Mama peke yake, jikoni, Jumanne ile. Badala yake nilimwambia mbele ya ukumbi mzima kwa lugha ambayo wenzake hawakuielewa, ili abaki peke yake na neno hilo.

Solna. Bado.

Amesema! Ameongea. Bila kuniangalia, anaangalia dirisha:

"Ile maneno ulisema mu Kiswidi. Uirudilie mu Kiswahili."

Nimesema, Mama, umesikia.

"Nilisikia. Mu Kiswidi ninasikia za kazi. Za bwana yangu uniambie mu luga yake."

Mzee wa maua ametuangalia. Mama amefungua kifungo cha juu. Kimoja tu. Anaona naandika. Ananyoosha mkono, anaweka kidole juu ya kalamu.

"Wacha kuandika, Victoire. Sema."